Kaliba ya Mnyama wa Wastani

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, na baridi ile ya mtaa wetu wa Huruma, Nairobi, isiyoleta mvua wala isiyoondoka. Nguo nilizofua Ijumaa bado zinaning'inia kwenye roshani, zinanuka ubichi. Sina hamu ya kumfurahisha mtu leo. Kama umefika hapa ukitafuta neno la kutia moyo, rudi ulikotoka.

Nina kazi mbili za kuandika na zote zinatakiwa kesho.

Ya kwanza ni makala kuhusu kaliba, yaani unene wa risasi, inayomfaa mwindaji wa wanyama wa ukubwa wa wastani. Ya pili ni wasifu wa ndugu yangu Barasa, aliyenifuata kuzaliwa, wa kuchapishwa kwenye kijitabu cha mazishi. Barasa aliuawa kwa risasi Jumanne iliyopita akiwa ameketi kwa kinyozi.

Soma tena ukitaka. Mimi nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na haijabadilika.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuandikia tovuti za watu wa ng'ambo. Mimi huandika, jina huwa la mwingine. Nimewahi kuwa daktari wa meno. Nimewahi kuwa mama wa mapacha. Mwaka huu wote nimekuwa mzee wa nchi ya theluji, mwenye ndevu na mbwa wawili, anayejua kila kitu kuhusu uwindaji. Wasomaji wanampenda na humwandikia maswali. Mmoja alimwalika kwake msimu ukifunguliwa waende wakavizie kulungu pamoja, nami nikajibu kwamba goti linanisumbua.

Sijawahi kushika bunduki. Katika nchi hii uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, na anayekutwa porini na bunduki anaitwa jangili. Wanyama niliowahi kuwaona wakifa ni kuku wa Krismasi na mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko, hapo ng'ambo ya barabara.

Lakini mtu hujifunza. Ukiniuliza leo kuhusu kaliba nitakueleza bila kufungua kitabu. Ile ndogo, .243 ya inchi, haina teke kali begani na inamfaa anayeanza, ila ni ya wanyama wepesi na haimsamehe mwenye mkono unaotetemeka. .270 huenda mbali bila kushuka sana, kwa hivyo ni ya mbuga zilizo wazi ambako mnyama hukuona kabla wewe hujamwona. .30-06 ina nguvu kuliko zinazohitajika, na wengi huibeba kwa sababu babu yao aliibeba. Katikati ipo .308, na hiyo ndiyo niliyowachagulia wasomaji wa mzee mwenye ndevu. Inamtosha kulungu, inamtosha nguruwe mwitu, haiharibu nyama nyingi, na risasi zake zinapatikana kila duka.

Ukizidisha kaliba, unaharibu nyama na bega lako mwenyewe. Ukiipunguza, mnyama anakimbia na jeraha lake na kwenda kufia kichakani peke yake. Kwa hawa watu, hilo la pili ni aibu kubwa kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu. Wameandika kurasa na kurasa juu yake, na wanagombana mitandaoni kama waumini wanaogombania Maandiko.

Kulungu wana bahati ya kufikiriwa hivyo.

Kazi hii niliipokea kabla ya Jumanne. Ningeweza kuirudisha, lakini ukirudisha kazi mara moja wanampa mwingine, na huyo mwingine hairudishi. Basi nikaifungua asubuhi hii Mama alipokuwa bado amelala. Mhariri wao hupenda mifano. Aliniandikia kwamba nianze kwa kumweleza msomaji mnyama wa wastani ana ukubwa gani hasa. Nikaandika: kuanzia beberu aliyenona hadi mwanamume mzima aliyeshiba.

Nikaitazama sentensi hiyo. Nikaifuta, nikaandika kwa kilo. Kilo zilikuwa zilezile.

Niliifunga kompyuta na kwenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mama alipoamka alinituma Kiamaiko nikachukue mifupa ya supu, kwa sababu mchana kamati ya mazishi ingekaa kwetu na watu hawawezi kukaa na chai kavu. Nilikwenda kwa Guyo. Tumenunua kwake tangu tukiwa wadogo. Barasa alikuwa akitumwa huko na kurudi amechelewa kwa sababu alisimama kutazama ngozi zinavyochunwa. Nadhani ndipo alipoupendea ufundi wake. Amekuwa fundi wa ngozi soko la Kariokor miaka yote hii, anashona ndala na mikanda. Alikuwa anashona. Bado sijajua kuiandika vizuri hiyo.

Makala ina sehemu inayoeleza mahali pa kuelekeza risasi. Kwa hivyo nilisimama mbele ya mbuzi aliyetundikwa, nikamwuliza Guyo mapafu yako wapi hasa. Aliniangalia kidogo. Hakuuliza ninataka kujua kwa nini, na namshukuru kwa hilo. Aliweka kiganja nyuma ya mkono wa mbele wa mnyama, palipo na kwapa.

"Mapafu iko hapa, dada. Moyo iko chini yake kidogo. Nyuma ya hapa ni tumbo, hiyo ni taka tu."

Kisha akasema pole ya ndugu yako, akaongeza kipande cha ini kwenye mfuko.

Nilirudi nikiwa na mifupa mkono mmoja na mkono mwingine nimeushika ubavuni mwangu, napima. Wawindaji wote wanakubaliana, hata wale wasiokubaliana kuhusu kaliba: nyuma ya bega, kwenye mapafu, mnyama haoni mengi. Tumboni, ni mateso. Tumboni mnyama anaishi muda mrefu na anajua kila kitu.

Barasa alipigwa tumboni.

Nitaeleza mara moja tu. Jumanne alitoka Kariokor mapema kwa sababu Jumamosi angekuwa msimamizi wa bwana arusi kwenye arusi ya rafiki yake, akataka anyolewe kabla ya foleni za mwisho wa wiki. Aliketi kwa Njoro, kinyozi wetu, kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya ghorofa yetu. Njoro alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa. Nje, watu wenye bunduki walikuwa wakiwafukuza watu wengine wenye bunduki. Risasi moja ikapita kwenye mabati, ikamkuta Barasa pale kitini, bado amejifunika kile kitambaa cha kinyozi. Njoro alimlaza chini na kutoka nje akiita msaada. Wenye bunduki wakawazuia watu kusogea, wakisema kazi haijaisha. Sisi tulikuwa upande wa pili wa njia, Mama akiwa na kandambili moja mguuni. Waliposema sasa tunaweza kumchukua, hapakuwa tena na haja ya kukimbia.

Wanaiita risasi ya kupotea. Utadhani ilitumwa dukani ikasahau njia ya kurudi.

Daktari aliyempasua alikitoa kipande chenyewe. Nilimwuliza unene. Alishangaa, kwa sababu wafiwa huuliza kama aliumia, hawaulizi unene. Alinitajia milimita, nami nikazigeuza kuwa inchi pale pale kichwani, kama nifanyavyo kila siku kazini. Nilijua jibu kabla sijalimaliza. Ni unene wa ile niliyowachagulia. Pia ni unene wa bunduki zilizokuwa upande huu na wa bunduki zilizokuwa upande ule, kwa hivyo hautusaidii kumjua mwenyewe, na hakuna aliyekuja kujitambulisha.

Sasa nije kwenye kamati.

Walikaa chini ya turubai, kati ya ghorofa yetu na ile inayofuata, baada ya watu kutoka kanisani. Mwenyekiti ni Anko Wanyonyi, mdogo wa marehemu baba, aliyefika Alhamisi kutoka Bungoma. Nataka niseme ukweli juu yake, maana nimemkasirikia na hasira hupenda kuongeza chumvi. Anko si mtu mbaya. Ndiye aliyeingia mochari niliposhindwa. Ndiye aliyemlazimisha Mama kula. Anapenda jina la familia yetu kama watu wengine wanavyopenda shamba.

Alikuja na rasimu ya wasifu, imechapwa kule saiba, duka la kompyuta tunakotengenezea vijitabu. Mtu wa saiba ana kijitabu kimoja cha zamani ambacho huwa anabadilisha tu majina na picha, na jamaa wakiwa na majonzi hawasomi. Kwa hivyo rasimu ilisema Barasa Wafula aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi, ugonjwa alioukabili kwa ujasiri, akiwa amezungukwa na jamaa na marafiki.

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, shali begani, anatazama miguu yake.

Mimi niliisoma mara ya pili, nikaona kwamba mtu wa saiba, bila kujua, ndiye aliyekaribia ukweli kuliko sisi sote. Ulikuwa muda mfupi kwa saa ya ukutani. Na jamaa na marafiki walikuwepo kweli, wamezunguka, kwa mbali, wamezuiwa.

Anko alisema irekebishwe. Iandikwe ajali.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wasio wa kwetu. Bungoma, kijijini kwetu tutakakomzika, siku ya mazishi, kabla mhubiri hajachukua nafasi, mtu wa familia husimama mbele ya watu akaeleza kifo kilivyokuja: kilianzia wapi, nani alimwona marehemu mara ya mwisho, alisema nini. Watu husikiliza sehemu hiyo kuliko mahubiri. Usipoeleza, watajieleza wenyewe, na maelezo yao hayatakuwa na huruma. Na kijana aliyetoka Nairobi ndani ya jeneza, mwili ukiwa na tundu la risasi, kule ana historia moja tu. Alikuwa mwizi. Wazazi wake walijua. Ile nyumba waliyoijenga, sasa tunaelewa.

Anko hayo anayajua vizuri kuliko mimi. Alisema, "Nekesa, wewe ndiye umesoma, andika ajali. Risasi kama haikukusudiwa si ni ajali tu? Tukitaja bunduki pale, mama yako atakaa na wale watu namna gani? Lisemwalo lipo, ndivyo watasema."

Nikamwambia Barasa hakuwa na ajali.

"Mtoto wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli, "wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Wacha tuzike mtoto salama."

Wazee wakaitikia. Methali ina raha yake, ikishasemwa kila mtu anahisi kazi imekwisha. Nilitaka kumjibu kwamba nyasi hazina mama, hazishoni viatu, na hazingojwi arusini Jumamosi. Lakini nilikuwa nimeshika birika, na mtu aliyeshika birika kwenye kikao cha wazee si mtu wa kuzungumza sana.

Halafu simu ikatetemeka mfukoni. Mhariri, kutoka kwenye Jumapili yake huko. Anasema rasimu ya kaliba niliyomtumia kabla ya kikao imempendeza, ila niongeze sehemu kuhusu heshima kwa mnyama. Wasomaji wetu wanajali sana jambo hilo, aliandika.

Niliirudisha simu mfukoni na kuendelea kumimina chai.

Kikao kikaingia kwenye suala la kichwa. Wakati wa kumtazama marehemu, jeneza litafunguliwa, na watu wataona upande mmoja umenyolewa na mwingine haujanyolewa. Wataanza kuuliza. Anko alikuwa amelifikiria hilo pia. Alipendekeza Barasa avalishwe kofia, ile nyeusi aliyopenda kuivaa, ishushwe kidogo. Mjumbe mmoja akaonelea kwamba mtu hazikwi na kofia kanisani. Mwingine akasema basi jeneza lisifunguliwe, wakagombana kidogo kuhusu hilo, kwa heshima, wakiitana bwana na mzee.

Katikati ya hayo Njoro akatokea.

Hakuwa amekuja kwetu tangu Jumanne. Kibanda chake kimefungwa. Nilikuwa nimeanza kumwekea kinyongo, nasema hata pole haji kusema. Alisimama nje ya turubai, kofia mkononi, mpaka Anko akamwambia asogee. Amekonda. Hakuwasalimu wazee kwanza kama inavyopaswa, alimwendea Mama moja kwa moja na kuchutama mbele ya kiti chake.

"Mathe, nisamehe sikukuja. Mimi ndio nilikuwa namnyoa. Nilikuwa nimebakisha upande moja tu. Naomba mniruhusu niende huko mochari nimalize. Tangu hiyo siku sijashika mashine. Kila kichwa nikiona, naona ile side nimeacha."

Akalia. Mwanamume mzima, fundi wa vichwa vya mtaa mzima, amechutama anajifuta pua kwa mkono wa koti. Na mimi nilikuwa nimemwekea kinyongo.

Anko alifurahi. Sitamsingizia, niliona uso wake ukifunguka. Alimshika Njoro bega akamwambia ni jambo jema sana, jambo la kiutu, na kwamba hivyo kofia haitahitajika tena na watu hawatakuwa na cha kuuliza. Nami nikaona jinsi wema wa Njoro ulivyokuwa unachukuliwa hapo hapo na kufanywa kifuniko. Kichwa kikimalizwa, ajali inakamilika. Nikaendelea kujaza vikombe. Ninaandika kwa niaba ya watu wa kila aina, nikitakiwa kusema kwa niaba ya ndugu yangu ulimi unakuwa mzito.

Mama ndiye aliyesema.

Alikuwa hajazungumza kikaoni hata mara moja. Kwanza alimwambia Njoro ainuke akae kwenye benchi, asikae chini kama aliyekosa. Kisha akasema hapana.

"Asante, mwanangu. Lakini usimguse. Akae vile ulimwacha."

Anko akaanza, "Lakini shemeji..."

"Wewe Wanyonyi, nyamaza kidogo. Mmesema kofia, nikanyamaza. Mmesema ajali, nikanyamaza. Sasa niulize. Mwizi akifukuzwa, anakimbilia kwa kinyozi akafungwa kitambaa shingoni? Ananyolewa upande mmoja akingoja wa pili? Fungueni jeneza. Kila mtu apite aone hicho kichwa. Akiuliza, aambiwe alikuwa ameketi wapi."

Maji ya jirani yalisikika yakimwagika kwenye ndoo ghorofa ya tatu.

Njoro alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amekuja na ombi moja na limekataliwa, na nilimwonea huruma. Mama naye aliliona hilo. Alimshika mkono, ule wa kulia, wa mashine, akaupapasa kama mtu anayekagua kitu alichokiazima.

"Sisi baada ya mazishi hunyolewa," akamwambia. "Familia yote. Utapanda basi na sisi, utunyoe. Uanze na mimi."

Njoro akasema ndio, Mathe.

Anko alikunja rasimu yake ikawa ndogo kabisa. Sidhani amekubali. Alisema basi kama ni hivyo, yeye hatasimama kueleza kifo, kwa sababu hawezi kusimama mbele ya wanakijiji na kutaja bunduki kwenye boma la kaka yake. Alisema kwa heshima, na nadhani aliogopa kweli, maana yeye ndiye atakayebaki Bungoma sisi tukirudi Nairobi. Watu wakinong'ona sokoni, watamnong'onea yeye. Alimwuliza Mama ni nani basi atakayesimama.

Mama hakunitazama hata. "Huyu mwenye birika," akasema.

Jioni sasa. Watu wameondoka, viti vya plastiki vimepangwa, supu imebaki nusu. Mama amelala na taa ikiwaka. Nimemaliza makala kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Ile sehemu ya heshima kwa mnyama sikuhitaji kuifanyia utafiti. Iliandikika kwa mkupuo. Niliandika kwamba usipige usichokitambua. Niliandika ujue kilicho nyuma ya unachokilenga, kwa sababu risasi haisimami eti kwa kuwa wewe umeridhika. Inapita kwenye majani, inapita kwenye ukuta mwembamba, inakwenda kumtafuta aliyeketi. Niliandika kwamba risasi za kijeshi, zile zilizovikwa shaba mwili mzima, sehemu nyingi zimekatazwa kwa wanyama kwa sababu hupenya bila kuua upesi, na kwamba hilo ni katazo jema. Na ukishapiga, niliandika, huna ruhusa ya kusimama ulipo. Weka chini shughuli zako ufuate damu. Mfikie. Usimwache alale peke yake hali wenzake wanatazama. Kaliba utakayoichagua ni shauri lako na bega lako, lakini kila risasi iliyotoka kwenye mtutu wako ni yako mpaka isimame. Hakuna inayopotea.

Mhariri amejibu sasa hivi. Anasema ni kazi bora kuliko zote nilizompa. Anasema inaonekana wazi kwamba mzee huyu ameyaishi haya.

Nilitaka nimjibu kitu. Nimemwandikia asante.

Kesho asubuhi wasomaji wa ng'ambo watasoma hayo na kutikisa vichwa kwa kukubali, watu wema waliokaa na kahawa yao, na kila kulungu wa huko atakuwa na mtu wa kumtetea. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Siwaonei kulungu wivu wa mchezo, ninawaonea wivu wa kweli. Nilichoomba kwa Barasa kilikuwa kile wanachopewa wao: mtu mmoja, mwenye bunduki yake, ajitokeze aseme ile ilikuwa yangu, nimekuja kuifuata.

Basi. Wasifu.

Nimeuandika kwa Kiswahili, bila kijitabu cha mtu wa saiba. Mahali alipozaliwa, shule, Kariokor, jinsi alivyoweza kukutazama mguu akajua kiatu chako kitaishia wapi. Kwamba alicheka akiwa ameziba mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika. Kwamba alikuwa awe msimamizi wa arusi. Nilipofika kwenye aya ya mwisho nilisimama muda mrefu. Nimezoea kuandika kifo kwa mbali, kwa umbali wa darubini, na sasa kilikuwa kimekaa mezani pamoja nami kinanywa supu.

Hatimaye nimeandika hivi:

Barasa aliuawa kwa risasi akiwa ameketi kwa kinyozi, mtaani Huruma, mchana. Hakuwa akikimbia. Hakuwa na kitu mkononi. Alipigwa tumboni, akalala chini akiwa hai, na waliokuwa na bunduki hawakuruhusu tumfikie. Mama yake alikuwa akimwona. Aliyepiga hajajitokeza. Kichwa cha Barasa mmekiona; hivyo ndivyo alivyokuwa.

Nimeisoma kwa sauti, polepole, nikiwa nimesimama, kwa sababu Jumamosi ijayo, siku ya mazishi, nitaisoma nikiwa nimesimama. Mara ya kwanza sauti ilikatika kwenye "hai". Mara ya pili ilikatika palepale. Sijui kama itapita siku yenyewe. Sijui pia watu watasema nini tukishaondoka, wala Anko atajibu nini sokoni peke yake, na hilo nalo nalibeba.

Mama aliita kutoka chumbani akaniuliza kama nimemaliza. Nilidhani amelala. Nikamwambia nimemaliza. Akasema nisome tena ile ya mwisho, kwa nguvu kidogo, kwamba waliokaa nyuma kule huwa hawasikii.

Nikasoma tena, kwa nguvu.

Chini ya makala ya kaliba kuna jina la mzee mwenye ndevu, kama kawaida. Chini ya wasifu kuna langu. Ni mara ya kwanza naliona likiwa chini ya kitu nilichokiandika na kukamilisha: Nekesa Wafula, dada yake.